Jinsi ya Kuongeza Windows kwenye Huduma ya CI Bila Kumdanganya Mtu

Anza na mtu. Mashine usiwe na wasiwasi nazo, siku hizi zinakodishwa kwa dakika na unazipata kabla chai haijapoa. Aliye adimu ni mtu ambaye, majaribio ya Windows yakianguka Ijumaa usiku, Jumatatu asubuhi ataweka kando kila alichopanga na kuanza na hilo. Mtafute kwa jina. Mwulize mbele ya wenzake kama yuko tayari, na umwulize pia bosi wake kama atamwachia muda. Asipopatikana, nakuomba kwa heshima zote: funga mwongozo huu, uurudie siku utakapompata.

Kwa aliyeingia mlango huu mara ya kwanza, huduma ya CI ni ile inayopokea kila badiliko la msimbo, ikalijenga, ikalijaribu, kisha ikawasha kijani au nyekundu. Nyingi zilizaliwa zikijua Linux peke yake. Travis CI, iliyoanzia Berlin mwaka 2011, ilianza na Linux, ikaongeza mfumo wa Mac mwaka 2013, na Windows ikafika mwaka 2018. AppVeyor ilipita njia ya kinyume: ilijijengea jina kwa Windows, ndipo mwaka 2018 nayo ikaongeza Linux. Hawa wote ni watu hodari, na bado iliwachukua miaka. Kwa hiyo akija mtu kwenye kikao akasema kwamba kuongeza mfumo mwingine ni suala la mwisho wa wiki, mpe kiti, mpe maji, kisha mpe mwongozo huu.

Na kwa nini kuhangaika? Kwa ajili ya mwanafunzi wa chuo Dar es Salaam, Nairobi au Kampala ambaye kompyuta yake ya kwanza imekuja na Windows ndani, na ndiyo atakayoitumia mpaka amalize masomo. Anaipakua programu yako huria, anaendesha majaribio, yanaanguka. Anauliza. Anajibiwa, “Dada, mbona kwangu yanapita?” Hapo anaondoka akiamini kosa ni lake, kumbe hakuna aliyewahi kuujaribu msimbo ule kwenye mfumo wake hata mara moja. Jibu la “kwangu yanapita” ndilo ambalo CI hukusudiwa kulikomesha. Huduma inayojaribu Linux tu inalikomesha kwa watu wa Linux, na wengine wanaendelea kujibiwa vilevile. Jambo hili linaniuma, na ndiyo sababu ya mwongozo huu wote.

Tuje kwenye pesa, tupite haraka. Leseni ya Windows Server huhesabiwa kwa viini vya kichakataji, na diski ya mashine yenye Visual Studio na vikorokoro vyake hufika makumi ya gigabaiti. Kwa miaka mingi GitHub ilihesabu dakika moja ya Windows kama mbili za Linux, na ya macOS kama kumi. Hiyo kumi ina sababu zake: leseni ya Apple inataka macOS iendeshwe juu ya kompyuta za Apple zenyewe, mashine pepe zisizidi mbili kwa kila kompyuta, na ukikodisha ukodishe kwa saa 24 mfululizo au zaidi. Hata Amazon ilipoanza kukodisha kompyuta za Mac mwishoni mwa mwaka 2020 ililifuata sharti hilo la saa 24. Basi mwambie mhasibu mapema, na umwambie bei halisi. Mradi ulioanza kwa bei ya uongo hufa mwezi wa tatu, na wanaoumia ni wale waliokwisha kuutegemea.

Sasa mashine. Sheria ni moja na haina msamaha: kila kazi ipate mashine safi, na ikimalizika mashine itupwe. Kumpa mtu mashine iliyotumiwa na kazi nyingine ni kumlaza mgeni kwenye shuka za mgeni aliyetangulia. Kwenye Linux huenda ulizoea kontena, maana zinawaka kwa sekunde na kufa kwa sekunde. Windows nayo ina kontena, lakini zinahitaji mwenyeji wa Windows, na zikitumia kerneli moja na mwenyeji wake, matoleo ya pande zote mbili yanapaswa kulingana. Ndiyo maana wengi huishia kwenye mashine pepe kamili, na mimi nakushauri uanzie hapohapo.

Utaratibu wake hauna uchawi. Tengeneza diski moja ya msingi, weka ndani Windows, Git, vikusanyaji na lugha ulizoahidi, kisha ifunge isiguswe. Kila kazi ikija, tengeneza diski nyembamba ya qcow2 inayoegemea ile ya msingi, ili kinachoandikwa kiende kwenye ile nyembamba na kazi ikiisha kifutwe. Ukitumia QEMU, programu ya kuendesha mashine pepe, pamoja na diski ya virtio, kumbuka kuweka viendeshi vyake mapema, maana Windows haiji navyo, na bila hivyo kisakinishi hakitaiona hata diski uliyokipa. Zima masasisho ya kujiendesha ndani ya diski hiyo, halafu wewe mwenyewe uyaweke kwa ratiba kila unapoijenga upya. Ukiyaacha yajiendeshe, mashine itajizima na kuwaka upya katikati ya kazi ya mtu, naye atakesha akitafuta kosa kwenye msimbo usio na kosa.

Baada ya mashine kuna wakala, ile programu ndogo inayokaa ndani ya mashine, ikiomba kazi kutoka makao makuu na kuripoti matokeo. Mwache yeye ndiye apige simu kwenda makao makuu kwa HTTPS. Ukifanya makao makuu yaingie kwenye mashine kutoka nje, utaanza kugombana na kuta za moto za kila ofisi. Ikiwa wakala wako ameandikwa kwa Go una bahati, maana kuweka GOOS=windows kabla ya kujenga kunakupa programu ya Windows ukiwa umekaa kwenye Linux yako. Mifumo kama GitLab Runner na wakala wa Buildkite imeandikwa kwa lugha hiyo, na ndiyo sababu mojawapo ya kuenea kwake kwenye mifumo mingi. Lakini programu kujengeka siyo programu kufanya kazi, na kuna mahali pawili ambapo wakala wa Linux akihamia Windows huvunjika mguu.

Pa kwanza ni eneo la mezani. Tangu Windows Vista, programu zinazoendeshwa kama huduma za mfumo hukaa kwenye kikao chao namba 0, mbali na meza ya mtumiaji. Ukimsajili wakala kama huduma, majaribio ya kukokotoa hesabu yatapita yote, na majaribio yanayofungua dirisha na kubonyeza kitufe yataanguka bila kutoa sababu ya maana. Mfanye wakala aanze baada ya mtumiaji wa kawaida kuingia mwenyewe kwa kujiendesha. Dakika chache za kuandaa hilo zitawaokolea wateja wako wiki nzima.

Pa pili ni kuua. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu wengi hupapita. Kwenye Linux kazi ikizidi muda wake, unalipelekea kundi lote la michakato ishara ya kuondoka kwa adabu, likikataa unalipelekea ishara isiyokatalika, na limekwisha. Windows haina ishara za namna hiyo. Ukiuua mchakato mmoja, watoto wake wanabaki hai, na baadhi ya watoto hao wamelelewa makusudi ili wabaki. MSBuild huacha michakato yake ikisubiri kazi inayofuata ili iiwahishe. Kikusanyaji cha C++ cha Microsoft kina msaidizi aitwaye mspdbsrv.exe, anayeandika taarifa za kutatulia hitilafu, naye huendelea kukaa baada ya ujenzi kwisha. Ujenzi umemalizika, wakala anangoja mabomba ya maandishi yafungwe, mabomba yameshikwa na msaidizi asiye na haraka, na mteja anatazama gurudumu likizunguka mpaka muda unamwishia.

Dawa ipo: Windows ina kitu kiitwacho Job Object, yaani boma la michakato. Iweke kazi nzima ndani ya boma hilo, ukiagiza kwamba boma likifungwa kila kilichomo kife. Watoto, wajukuu na msaidizi yule wote wanaondoka kwa pamoja. Usisubiri malalamiko ndipo ulijenge, liweke tangu siku ya kwanza.

Tumefika kwenye hatua ninayotaka uisome mara mbili. Chukua skripti ya mistari miwili ambayo kwenye Linux imefanya kazi miaka yote: wa kwanza ni npm install, wa pili ni npm test. Ihamishie kwenye faili la .bat, uiendeshe. Vifurushi vinapakuliwa, vinasakinishwa, kisha skripti inaisha kimya. Kijani! Watu wanapongezana. Ila hakuna jaribio hata moja lililoendeshwa. Kisa ni kwamba kwenye Windows npm yenyewe ni skripti iitwayo npm.cmd, na skripti ya .bat ikiiita nyingine ya aina hiyo bila kutanguliza neno call, udhibiti unahamia kule na haurudi tena. Mstari wa pili haukufikiwa, na kwa kuwa wa kwanza ulifaulu, namba ya kutokea ikawa 0.

PowerShell 5.1, ile inayokuja na Windows, ina mtego wake: programu ya nje ikianguka katikati ya skripti, yenyewe husonga kwenye mstari unaofuata, na ule wa mwisho ukifaulu aibu yote ya katikati inafutika. Kwa hiyo huduma yako isichukue maandishi ya mteja na kuyamwaga yote kwenye faili moja. Iendeshe kila amri kivyake, isome namba ya kutokea baada ya kila amri, na isimame palepale inapoona namba isiyo 0.

Na ujipime kwa kutafuta nyekundu kabla ya kutafuta kijani. Andika mradi mdogo ambao jaribio lake limetengenezwa lianguke. Lianguke kwenye mstari wa kwanza, lianguke katikati, lianguke mwisho. Rudia yote hayo kwa cmd, kwa PowerShell, na kwa Bash inayokuja na Git ya Windows. Hata moja kati ya hizo ikiwasha kijani, hujawa tayari kumkaribisha mtu. Huduma isiyo na Windows inamwacha mteja akijua kwamba hana Windows. Ukimpa kijani cha uongo atatoa toleo jipya kwa watu wake akiwa na imani, na imani hiyo wewe ndiye uliyempa.

Mafaili nayo yana sheria zake, na wateja watakulaumu wewe kwa sheria walizoandika Microsoft, basi zijue. Majina kama CON, PRN, AUX na NUL yamehifadhiwa tangu enzi za MS-DOS. Faili liitwalo aux.c limo ndani ya msimbo wa kerneli ya Linux, na kwa miaka mingi Windows ilikuwa hailipokei kwa njia ya kawaida. Herufi kubwa na ndogo huhifadhiwa lakini hazitofautishwi: kerneli hiyohiyo ina xt_CONNMARK.h na xt_connmark.h, mafaili mawili tofauti, ambayo kwenye diski ya kawaida ya Windows au ya Mac hugombania kiti kimoja. Urefu wa njia ya faili una kikomo cha zamani cha herufi 260, ambacho tangu Windows 10 ya mwaka 2016 unaweza kukiondoa kwa mpangilio maalumu, ikiwa na programu yenyewe imekubali. Kiondoe kwenye diski yako ya msingi, na bado uweke folda ya kazi karibu na mzizi, kitu kama C:\w, kwa sababu si kila programu imekubali.

Mwisho wa mistari pia usimwachie mteja aubahatishe. Git ya Windows, ikisakinishwa kwa chaguo lake la kawaida, hubadilisha mwisho wa kila mstari inapotoa mafaili, na jaribio linalolinganisha matokeo herufi kwa herufi huanguka papo hapo. Amua mpangilio mmoja, uandike kwenye maelezo ya huduma, na umwelekeze mteja aweke faili la .gitattributes kwenye hazina yake ili msimbo utoke sawa popote unapotolewa.

Kisha kuna mambo yanayotugusa sisi moja kwa moja. Kiswahili huandikwa kwa herufi za kawaida, na kwa hiyo wengi hudhani matatizo ya usimbaji hayawahusu. Andika “ng’ombe” kwa ile alama iliyopinda ambayo simu na programu za uandishi hupenda kuiweka, hifadhi kwa UTF-8, kisha lisome faili hilo kwenye Windows kwa Python bila kutaja usimbaji. Kwa muda mrefu Python imekuwa ikifuata mpangilio wa mashine, ambao mara nyingi ni ule wa Ulaya Magharibi uitwao cp1252, na ng’ombe wako anatoka na herufi za ajabu mahali pa ile alama. Nimependa sana kwamba jaribio bora la kufichua hitilafu hii ni neno tunalolifundisha darasa la kwanza. Liweke kwenye mradi wako wa kujipimia.

Saa nayo ni hivyohivyo. Programu inayopanga miadi kwa Africa/Nairobi au Africa/Dar_es_Salaam hupita kwenye Linux, kwa sababu orodha ya majira ya dunia kwa kawaida imo ndani ya mfumo. Windows ina orodha yake na majina yake, na majira hayo yote mawili huko yanaitwa E. Africa Standard Time. Moduli ya zoneinfo iliyokuja na Python 3.9 mwaka 2020 ikiulizwa Nairobi iko majira gani kwenye Windows tupu, hutupa kosa mpaka usakinishe kifurushi cha tzdata. Usikisakinishe kwenye diski ya msingi ili kumfurahisha mteja! Mtumiaji wake wa Mwanza hana diski yako. Mwache aone nyekundu, na karibu na nyekundu hiyo umwekee maelezo mafupi ya kifurushi cha kuongeza kwenye mradi wake.

Hilo la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana. Kila siku utashawishika kuifanya mashine yako iwe ya kirafiki kupita Windows ya kweli: uongeze zana za Unix, ubadilishe lugha ya mfumo, ulegeze ulinzi. Baadhi ni lazima, maana bila Git hakuna kazi. Lakini kila unachoongeza ni kitu ambacho mtumiaji wa kawaida hana, na jaribio lililopita kwa msaada wake halikuthibitisha kitu kwa mtu huyo. Andika orodha ya kila kilichomo na toleo lake, iweke hadharani, na ichapishwe upya kila diski inapojengwa upya.

Ukiwa tayari, fungua mlango kidogo. Waalike wenye miradi wachache wenye subira na waambie wazi kwamba hiki ni kipindi cha majaribio. Kuna kitufe karibu kila huduma inacho, cha kuruhusu kazi ianguke bila kuliangusha badiliko zima. Ni kitufe kizuri kwa wiki za mwanzo, na ni kaburi kisipowekewa tarehe. Kazi iliyoruhusiwa kuanguka huanguka, watu huzoea kuiona nyekundu, na siku inapoanguka kwa sababu ya kweli hakuna anayegeuza shingo. Andika tarehe ya kukizima siku ileile unapokiwasha, na mwenye kuisimamia tarehe hiyo awe yule uliyemtafuta mwanzo kabisa.

Usiweke Windows kwenye kila mchanganyiko wa matoleo. Mradi wenye matoleo manne ya lugha na mifumo mitatu tayari una kazi kumi na mbili kwa kila badiliko, na Kent Beck, mbunifu wa mbinu ya Extreme Programming, alipendekeza ujenzi na majaribio yote yaishe ndani ya dakika 10 kwa sababu nzuri: mtu akisubiri zaidi ya hapo huacha kusubiri. Windows ni nzito kwenye mafaili mengi madogomadogo, na ulinzi dhidi ya virusi hukagua kila moja linapofunguliwa. Washauri wateja waendeshe toleo la zamani kabisa na jipya kabisa la lugha yao kwa kila badiliko, na yaliyo katikati yaendeshwe usiku.

Na panga kuondoka tangu sasa. Kila toleo la Windows Server lina tarehe ya mwisho wa msaada inayojulikana miaka kabla, kwa hiyo huna kisingizio cha kumshtukiza mtu. Tangaza kuondoa toleo miezi mingi mapema, onyesha tangazo hilo ndani ya matokeo ya kila kazi inayolitumia, kisha kabla ya siku yenyewe lizime kwa saa chache mchana kweupe, ulirudishe, na wiki inayofuata ulizime tena kwa muda mrefu zaidi. Wasiosoma matangazo watasoma hilo, na watakupigia simu wakati bado una nafasi ya kuwasaidia kuhama.